Barua ya wazi kwa viongozi wa Jiji la Dar es Salaam: tuandikieni utaratibu wa shughuli za mitaani unaoeleweka

Mstahiki Meya, Mkurugenzi wa Jiji, waheshimiwa madiwani wa kata zote, na nyie watendaji wa kata na mitaa ambao ndo tunaonana kila siku,

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine poleni na majukumu. Mimi ni mkazi wa huku Ilala na ni mtu wa kamati, yaani mtaani kwetu kukiwa na harusi, sendofu, maulidi, arobaini, bonanza la vijana au mahafali ya watoto wa chekechea basi daftari la michango mara nyingi linaishia mkononi kwangu na mimi ndo natumwa kufatilia kibali. Kwahiyo haya nitakayosema sijahadithiwa. Ombi langu ni moja tu ila nitalieleza kwa kirefu: tuandikieni utaratibu mpya wa shughuli za mitaani, wenye bei iliyobandikwa ukutani na saa zilizoandikwa, ambao mama mwenye harusi ya mwanae anaweza kuusoma mwenyewe akaelewa aende wapi, alipe nini na mziki uzimwe saa ngapi.

Ilala tumepewa hadhi ya Jiji tangu tarehe 24 Februari 2021, tukashukuru, lakini ukweli ni kwamba shughuli zetu mpaka leo zinaenda kwa kumjua mtu. Ukimjua mtendaji kibali unapata kwa simu, usipomjua unazungushwa njoo kesho njoo keshokutwa na huku wapishi umeshawapa hela ya kutanguliza. Mtaa huu wanatoza hivi, mtaa wa pili wanatoza vingine, na ukiuliza hii hela imeandikwa wapi unaonekana mkorofi.

Kwanza tuelewane shughuli ni kitu gani kwa watu wa uswahilini, maana naona ikizungumzwa kwenye vikao inazungumzwa kama kero tu. Nyumba zetu ni za vyumba sita wapangaji sita, uani kuna choo, karo na kamba za nguo, sasa ukitaka kuozesha binti au kumsomea hitma marehemu, watu mia mbili utawaweka wapi kama sio hapo barabarani mbele ya nyumba? Ukumbi na mapambo na chakula cha ukumbini ni hela ambayo mtu wa genge au kijana wa bajaji ya mkataba haipati hata akijinyima mwaka mzima. Kwa hiyo ni turubai, viti vya kukodi, masufuria ya kuazima, majirani wanachambua mchele tangu asubuhi, mchango elfu tano elfu kumi, na siku yenyewe watu wanatuzana. Leo umemtuza mwenzio kanga na seti ya vyombo, siku yako anakuja navyo na vya ziada, na wanawake wengi huku mtaji wao wa kwanza wa biashara umetoka kwenye kutuzwa na kwenye upatu. Mkiifungia shughuli mmefunga na hicho.

Halafu angalieni ni nani anakula humo ndani. DJ, MC, mpambaji, msusi, fundi cherehani anayeshona sare, mpishi wa pilau, muuza barafu, bodaboda wa kubeba kreti za soda, kijana mwenye jenereta. Na wengi wao ni wale wale ambao halmashauri yenyewe inawakopesha kupitia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu. Kuna kikundi cha vijana nakifahamu kilichukua mkopo kikanunua maturubai, spika mbili kubwa na mixa, na wanarejesha vizuri tu.

Sasa niwape kisa kimoja kinachohusu hiyo hiyo mixa. Jirani yangu alikuwa na sendofu ya mwanae. Akaenda ofisi ya mtaa, siitaji ni mtaa gani maana nia yangu sio kumchomea mtu, akaandika barua, ikagongwa muhuri, akaambiwa atoe hela akatoa, risiti hakupewa. Hicho kibali nilikisoma mwenyewe, mistari minne: jina lake, tarehe, "shughuli ya familia", na "azingatie amani na utulivu". Basi. Saa tano kasoro usiku bibi harusi ndo kwanza anaingizwa, mashangazi wametandika kanga chini apite juu yake, vigelegele vimepamba moto, difenda ikasimama kule mwanzo wa turubai. Mama akatoa karatasi yake kwenye pochi ikiwa imekunjwa mara nne, askari akaimulika na tochi ya simu, akaisoma yote, akauliza kwa upole kabisa, mama mmeruhusiwa mpaka saa ngapi hapa? Hakuna aliyejibu kwa sababu haikuandikwa. Mixa ikabebwa ikalala kituoni, yule kijana kesho yake alikuwa na oda nyingine akaikosa, na rejesho la mkopo wa halmashauri halijui habari za difenda.

Mimi siwezi kumlaumu yule askari peke yake. Alipigiwa simu na mtu aliyechoka na kelele, akafika, akapewa karatasi ambayo haimwambii chochote, angefanyaje? Na yule mama naye alikuwa na kibali chenye muhuri. Wote wawili walikuwa wamefata utaratibu na wote wakaumia kwa sababu utaratibu wenyewe ni mtupu.

Na aliyepiga simu pia ni jirani yetu, na ana haki yake. Kuna nyumba ina mzee ametoka kulazwa Amana, kuna mama ana kichanga, kuna nesi ameingia zamu ya usiku wiki nzima na anataka kulala mchana, kuna mtoto wa darasa la saba ana mtihani wa taifa mwezi Septemba na spika imegeuziwa dirisha lake. Hao hawana kosa lolote. Na vile vigodoro vya kukesha, ambapo unakuta saa nane za usiku watoto wa miaka kumi wako barabarani na watu wazima wanacheza mambo ambayo hata kusimulia ni aibu, mimi sivitetei hata kidogo, hapo kuweni wakali na sisi tutawasaidia. Lakini vigodoro vimepigwa marufuku mara ngapi na viongozi tofauti tofauti? Marufuku inatangazwa, wiki mbili watu wanaogopa, wiki ya tatu mtu anaongea na mtu mambo yanaendelea, na anayekamatwa mwisho wa siku ni mwenye maulidi au mwenye sendofu kwa sababu yeye hana wa kumpigia simu. Tena ni huko huko kwenye shughuli za mitaani singeli ilikozaliwa na kukulia, leo vijana wetu wanaalikwa kuipiga kwenye matamasha Ulaya, kwahiyo sio kila kinacholia usiku ni uhuni.

Kuna suala la barabara nalo, hili naomba mlisikilize vizuri. Barabara nyingi za mitaa saivi zina lami au zimepangwa matofali, tumezisubiri miaka na miaka, halafu siku ya shughuli anakuja kijana na mtaimbo anatoboa lami ili asimike nguzo za turubai, matundu manne, sita, mpaka kumi. Shughuli ikiisha anaweka kifusi kidogo anaondoka. Ikija masika maji yanaingia mle, tundu linakuwa shimo, shimo linakula tairi za bajaji, na baada ya muda mtaa mzima unalia barabara mbovu. Zile barabara ziko chini ya TARURA, yaani wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu ilipoanzishwa mwaka 2017, ila sijawahi kuona kibali cha mtaa kinachomtaja TARURA popote, na mwenye shughuli wala hajui kwamba anaharibu mali ambayo hata Jiji sio lake moja kwa moja. Dawa yake mbona ipo na mafundi wa maturubai wazuri wanaitumia, nguzo zinasimikwa kwenye madebe yaliyojazwa zege, hutoboi chochote. Iandikeni tu kwamba turubai kwenye lami ni madebe, na kikundi kinachokopa asilimia 10 kununua maturubai kinunue na madebe yake.

Tatizo kubwa kuliko yote ninavyoona mimi ni kwamba shughuli moja ina wenyewe wengi na hawaongei. Ofisi ya mtaa inatoa barua. Polisi kwa sheria yao wanataka taarifa ya mkusanyiko au maandamano saa 48 kabla, kwahiyo zafa ya maulidi inayozunguka mitaa au jogging ya jumapili inabidi wajue. NEMC, yaani baraza la mazingira, wana kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, na zile kanuni zinatenganisha mchana na usiku na maeneo ya makazi na mengine. Ukileta kikundi cha taarabu au msanii kuna mambo ya BASATA, yaani baraza la sanaa, kupitia afisa utamaduni. Barabara ni TARURA. Moto ni Zimamoto. Sasa mimi mtu wa kamati nina wiki mbili mpaka shughuli, nizunguke ofisi zote hizo? Haiwezekani, ndo maana watu wanaishia ofisi ya mtaa tu, wanapata muhuri, wanaomba Mungu.

Ninachowaomba ni mlango mmoja. Mfumo wa Tausi wa mtandaoni wa serikali za mitaa tayari upo, leseni ya biashara unaomba humo na unalipa kwa kontro namba, ile namba ya malipo ya serikali, basi wekeni na kibali cha shughuli ya mtaa humo humo, na kwa asiye na simu kubwa mtendaji amjazie pale ofisini. Mwenye shughuli ajaze mara moja: ni nini, wapi, watu kama wangapi, saa ya kuanza, saa ya kuzima spika, nani msimamizi na namba yake, barabara inafungwa nusu au yote. Mfumo upeleke taarifa polisi, TARURA na kwa afisa utamaduni, wao wajibu huko huko ndani ya siku zinazojulikana. Kikitoka, kibali kiwe na saa zimeandikwa kwa herufi kubwa, kibandikwe kwenye nguzo ya turubai kila mtu akione, jirani akione, askari akione. Hela yote ipite kontro namba. Hilo peke yake litamaliza nusu ya malalamiko yetu, na nyie mtapata mapato ambayo saivi sidhani kama mnayaona.

Ila msije mkaweka kila kitu kapu moja. Msiba usiombewe kibali na usilipiwe hata senti, mtu kafiwa saa tisa usiku asubuhi watu wanajaa, utamwambia asubiri mfumo? Taarifa tu kwa mjumbe inatosha na mtendaji ndo aingize. Shughuli ya familia, harusi, hitma, ngoma ya mwali, iwe na ada ndogo inayofanana mitaa yote. Maulidi, mkutano wa injili, bonanza, mechi za mchangani, hizo za jamii ambazo hazina kiingilio, nazo ziwe nafuu, ila kwa mikutano ya siku nyingi mfululizo mpime upya maana spika siku saba usiku kwenye makazi ni kazi kwa wanaoishi pale, na hili nalisema kwa dini zote. Halafu kuna ya biashara, promosheni ya kampuni na gari lenye jukwaa, tamasha lenye kiingilio, disko la baa lililohamia barabarani. Huyo alipe vizuri, aweke walinzi, aweke vyoo, aweke amana ya usafi arudishiwe akiacha mahali pasafi.

Na kwa kuwa nimetaja kampuni, mbio zile za wikiendi zinazofunga barabara kubwa asubuhi, mimi nazipenda na najua nyingine zinachangia matibabu ya watoto, lakini wanaofungiwa barabara na wao ni watu. Ikifungwa barabara mjini jumapili asubuhi muuza supu, mwenda kanisani na mgonjwa wa kliniki wajue kabla, ibandikwe vituoni, itangazwe misikitini na makanisani. Inauma kuona kampuni inafunga kilomita kadhaa na inapewa trafiki na eskoti, halafu mama wa mtaani kufunga mita ishirini anasumbuliwa wiki nzima. Sheria iwe inawabana wote wawili kwa kadiri ya ukubwa wa jambo lao.

Kuhusu saa. Mimi napendekeza shughuli ya familia siku za kazi spika zizimwe saa nne usiku, ijumaa na jumamosi saa sita, na baada ya hapo watu waendelee na dufu au stori bila spika. Najua kuna wenzangu watanuna hapa, watasema saa nne bibi harusi hata hajapakwa poda, lakini jamani tuanze mapema, kinachotuchelewesha sio serikali ni sisi wenyewe kusubiri wageni rasmi. Wiki za mitihani ya taifa kuwe na masharti makali zaidi karibu na makazi. Na kila turubai liache njia ya gari kupita, upana unaotosha gari la wagonjwa na la zimamoto. Sisi nyumba zetu zimebanana, moto ukitokea nyumba ya tano na wewe umefunga barabara yote kwa viti na meza ya keki, hiyo 114 ya zimamoto mtapiga lakini gari litapita wapi?

Kwenye kukamata vifaa naomba muweke ngazi. Jirani akilalamika, kwanza apigiwe msimamizi aliyeandikwa kwenye kibali ashushe sauti. Asiposikia aje mtendaji au polisi jamii na waandike onyo. Akikaidi tena hapo ndo faini, kwa kontro namba. Kubeba spika kuwe hatua ya mwisho kabisa, na zikibebwa mwenye nazo apewe karatasi inayosema nini kimechukuliwa, kiko wapi, na atakipataje. Maana saivi kifaa kikibebwa kukipata ni maelewano, na neno maelewano mnajua linamaanisha nini.

Mitaa mingine ina shughuli tatu jumamosi moja, kila kona turubai, bodaboda zinapita uani kwa watu. Mfumo ukiwepo mtendaji ataona kwamba barabara hii tarehe hii imeshachukuliwa, amwambie wa pili ahamie mtaa wa nyuma au wakae waongee. Na hapo naomba mfikirie viwanja. Mnazi Mmoja ni kimoja na kina ratiba ya kitaifa, hakiwezi kubeba harusi za kata 36. Shule za msingi zina viwanja vikubwa vinalala tupu jumamosi na jumapili, kamati za shule zikiruhusiwa kukodisha kwa bei iliyopangwa, hela ikaenda kwenye madawati na vyoo, watoto watafaidi na barabara zitapumua. Maeneo ya wazi yaliyobaki yapimwe yawekewe alama kabla hayajageuka maegesho au fremu. Mwaka 2025 ikazinduliwa biashara ya saa 24 Kariakoo, ikazungumzwa taa na ulinzi na usafi, kwahiyo kupanga maisha ya usiku mnaweza mkiamua, tunaomba na sisi wa mitaani tupangiwe.

Taka sitaki kuongea sana. Sahani za plastiki na chupa za maji asubuhi ya jumapili zinajaa kwenye mifereji, mvua ikinyesha Jangwani na Vingunguti wanajua zinapoishia. Mwenye shughuli asafishe kabla ya saa nne asubuhi ya kesho yake, amlipe mzoa taka wa mtaa, asipofanya hivo asipewe kibali kingine mwaka huo. Yamekwisha.

Haya yote mnaweza kuyafanya nyie wenyewe, maana Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Miji, ya mwaka 1982 inawapa uwezo wa kutunga sheria ndogo na wananchi wanatakiwa wasikilizwe kabla hazijapita. Naomba sana hilo la kusikilizwa lisiwe tangazo la karatasi kwenye ubao wa ofisi ambao hakuna anayepita pale. Na msiitishe kikao jumatano saa nne asubuhi wakati DJ amelala, mpishi yuko sokoni na mama yuko gengeni, halafu mkaandika kwamba wananchi hawakujitokeza. Njooni jumapili saa kumi jioni. Muwe na mtu wa TARURA, mtu wa kituo cha polisi na afisa utamaduni, mtusomee rasimu kwa Kiswahili chepesi kifungu kwa kifungu, na wenye vifaa, washereheshaji, masheikh, wachungaji, akina mama wa upatu na wale majirani wanaolalamika kelele wote wawepo waseme.

Na kama inawezekana hiyo rasimu itufikie kabla ya Shaabani, maana mnajua wenyewe mwezi ule kila mtu anataka kuozesha kabla ya mfungo wa Ramadhani, mitaa inajaa maturubai na ndo ugomvi wote unapotokea. Turubai na viti vya kikao hicho kamati yetu itatoa bure, na nguzo tutasimika kwenye madebe.

Wenu,
Mkazi na mtu wa kamati, Ilala